Mshika mbili au mafiga matatu? Msongo na kuridhika kwa mama wa Nairobi mwenye ajira na nyumba

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hao hao wakasema jifya moja haliinjiki chungu. Mwanamke anayefunga mlango katika mtaa wa Utawala saa kumi na moja na nusu alfajiri, akamwacha mtoto na yaya wangoje basi la shule, akashuka mjini saa moja na nusu, ana haki ya kuuliza wahenga walikuwa upande upi.

Wanasosholojia nao wamelibishania jambo lilo hilo kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1960 William Goode wa Marekani alieleza kwamba kila jukumu linadai muda na nguvu, na kwa kuwa vyote viwili vina kikomo, mwenye majukumu mengi hana budi kupwelewa mahali. Huyo ni mshika mbili. Mwaka 1974 Sam Sieber akaja na hoja ya mafiga: majukumu mengi humpa mtu haki zaidi, njia zaidi za kujiinua, na kinga pale jukumu moja linapoyumba. Mama aliyekaripiwa na bosi hurudi kwa mtoto anayemkimbilia mlangoni. Anayedharauliwa na wakwe huamka kesho yake akaenda mahali anapoitwa mhandisi. Miaka 3 baadaye Stephen Marks akaongeza kwamba nguvu hazipungui tu kwa kutumika. Jambo ambalo mtu amelipa moyo wake humrudishia.

Wote wana haki, kwa kuwa hawazungumzii kitu kimoja. Goode anaeleza msongo, Sieber anaeleza kuridhika. Kosa letu ni kuviweka viwili hivi kwenye mizani moja, tukidhani kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Muuguzi wa wodi ya watoto anaweza kujipa 8 kwa 10 ya msongo na 8 kwa 10 ya kuridhika katika wiki ile ile, na asiwe amejipinga. Aliyeacha kazi kwa ushauri wa jamaa anaweza kujikuta na 4 ya msongo na 3 ya kuridhika. Ule ushauri wa "acha kazi upumzike", unaotolewa kwa upole mwingi kwenye vikao vya ukoo, hulenga namba ya kwanza na kuua ya pili. Tena mara nyingi hata ya kwanza haishuki, maana karo haikuacha kudaiwa.

Mgongano una sura tatu

Mwaka 1985 Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell waligawa mgongano wa kazi na familia katika sura tatu: wa muda, wa mkazo na wa tabia. Mgawanyo huo ungali unatumika kwa sababu kila sura ina dawa yake, na dawa ya moja ikitumiwa kwa nyingine ni kupaka mafuta goti kwa maumivu ya jino.

Wa muda ndio unaotafuna Nairobi zaidi. Dakika 90 za kwenda na 90 za kurudi ni saa 3 kwa siku, 15 kwa wiki ya siku tano, na 720 kwa mwaka wa wiki 48 za kazi. Hizo ni siku 90 za kazi za saa 8, zimekaliwa ndani ya matatu. Kwa hiyo bei ya nyumba haisomwi kwenye kodi peke yake. Nyumba inayookoa saa moja kila upande inarudisha saa 40 hivi kwa mwezi. Kodi yake ikizidi kwa shilingi 8,000, kila saa imenunuliwa kwa shilingi 200. Kwa anayepata zaidi ya hapo kwa saa, ni biashara nzuri, mradi saa zile asizirudishe ofisini. Na hapo ndipo hesabu huharibika: anayekaa karibu ndiye anayepigiwa simu wa kwanza zamu ikikosa mtu.

Kuna na kalenda. Shule hufunga mara tatu kwa mwaka, na likizo ya mwisho wa mwaka peke yake ni ndefu kuliko siku 21 za kazi ambazo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi kama kiwango cha chini. Hata wazazi wawili wakipokezana bila kupumzika pamoja siku moja, siku 42 hazifiki. Pengo hilo halitokani na mama kutojipanga. Limo kwenye kalenda zenyewe, na huzibwa na nyanya wa ushago, dada wa mtu, au mtoto kushinda dukani kwa mama.

Mgongano wa mkazo ni ule wa mwili kuwa sebuleni na kichwa kuwa kwenye ripoti. Saa zipo, ila mwenyewe hayupo. Kumwongezea mtu kama huyo saa mbili hakumsaidii. Anachohitaji ni namna ya kuifunga kazi. Dakika 10 za mwisho za siku zinazotumika kuandika yaliyobaki, na hatua ya kwanza ya kila moja kesho, hufanya kazi kubwa kuliko zinavyoonekana, kwa sababu akili husumbuliwa zaidi na jambo lisilo na mpango kuliko na jambo lisilokwisha. Hapa foleni ya barabarani, pamoja na laana zake zote, ilikuwa na faida moja: ilikuwa daraja kati ya mtu wa ofisini na mtu wa nyumbani. Wanaofanyia kazi mezani nyumbani wamelipoteza daraja hilo, na wengi wanaona ajabu kwamba wameokoa saa tatu lakini wanawakaripia watoto zaidi.

Wa tabia hauongelewi sana. Mwanamke anayesifiwa kazini kwa kukata shauri upesi na kusema "hapana" bila kupepesa macho anatarajiwa, akifika kwa wakwe Desemba, anyamaze na aulize chumvi iko wapi. Kubadilisha sura mara mbili kwa siku ni kazi, ingawa haiingii kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Ni nani anayeishika saa

Mtu akisema amelemewa, wengi hudhani dawa ni kupunguza. Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba uzito wa kazi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni uamuzi alio nao mfanyakazi juu ya namna na wakati wa kuifanya. Kazi inayodai mengi lakini inaacha uamuzi humchosha mtu na kumkuza. Inayodai mengi bila kuacha uamuzi humchosha tu. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hadi saa nne usiku, lakini anaweza kuondoka saa tisa siku ya mkutano wa wazazi, hayuko hali moja na keshia wa supamaketi mwenye saa chache zaidi ambaye ratiba ya zamu ya wiki hubandikwa Jumapili jioni. Huyu wa pili hawezi kumwahidi yaya, wala mwalimu, wala nafsi yake.

Ushahidi mmoja mzuri umetoka hapa hapa, Korogocho. Watafiti waliwapa baadhi ya kina mama wa mtaa huo vocha za kulipia malezi ya watoto wadogo mchana, kisha wakawalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa vocha walizidi wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia katika kuwa na kazi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kwa walioolewa. Kwa mama anayelea peke yake mambo yalikuwa tofauti. Yeye hakuongeza kazi. Alipunguza saa, akahamia kazi zenye saa za kueleweka, na mapato yake hayakushuka. Hiyo ni picha kamili ya jambo linalozungumzwa hapa. Alichonunua kwa vocha ile ni ratiba.

Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2023, ameeleza upande wa pili. Kuna kazi zenye ulafi: hulipa zaidi ya uwiano kwa anayepatikana saa yoyote, usiku na wikendi. Nyumba yenye watoto haiwezi kutoa watu wawili wa namna hiyo, basi mmoja huchukua kazi ya ulafi na mwingine kazi inayopindika, na anayepindika kwa kawaida ni mama. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu moyo wake kwamba "hakujituma", ni vizuri kuangalia nani wa nyumba ile aliyekuwa akijibu simu ya shule.

Kivitendo, ombi la kupeleka kwa mwajiri si "saa chache" wala "mnielewe". Maombi ya jumla hukubaliwa kwa mdomo na kusahauliwa meneja akibadilishwa. Ombi linaloshika huwa na kitu kimoja kinachopimika: ratiba ya zamu itoke siku 14 kabla, mikutano isiitishwe baada ya saa kumi jioni, Jumatano kufanyia kazi nyumbani. Liandikwe kwa barua pepe, litaje nani atashika nafasi katika saa zile, lipendekeze majaribio ya wiki 6, na litaje kipimo cha kazi kitakachoangaliwa mwishoni. Meneja anaogopa kufungua mlango usiofungika tena. Majaribio yenye tarehe ya mwisho humwondolea hofu hiyo.

Kazi ya kukumbuka

Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulionyesha kwamba mwanamke nchini hutumia wastani wa takriban saa 4 na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mwanamume, chini ya saa moja. Takwimu hizo zinahesabu mikono. Haziihesabu vizuri kazi ya kichwani.

Allison Daminger, mwanasosholojia, aliigawa kazi hiyo ya kichwani mwaka 2019 katika hatua nne: kuona mapema kinachokuja, kutafuta njia zilizopo, kuamua, na kufuatilia hadi jambo liishe. Katika ndoa alizochunguza, kuamua kulifanywa na wote wawili. Kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake. Ndiyo sababu baba anaweza kusema kwa dhati "sisi huamua pamoja", na mama akasikia uchovu asioweza kuueleza. Alifika kwenye meza ya uamuzi akiwa tayari amefanya hatua mbili, na bado ya nne inamngoja.

Chukua mfano ambao kila mzazi wa shule ya msingi anaujua. Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa: kesho watoto waje na chupa tatu tupu, gundi na picha ya mnyama wa porini. Kuchapisha picha ni dakika mbili kwenye saiba. Lakini nani yumo kwenye kikundi kile? Nani alikumbuka kwamba gundi iliisha muhula uliopita? Nani atauliza jioni kama kazi ilipokewa? Baba akitumwa saiba, "amesaidia". Jukumu bado ni la mama. Mikono tu ndiyo imekodishwa.

Kwa hiyo gawa majukumu mazima, na uache kugawa vipande. "Nisaidie na kazi ya shule" humbakisha mama kuwa msimamizi. "Kazi ya shule ni yako" ina maana hii: simu ya baba ndiyo iliyo kwenye kikundi cha darasa, baba ndiye anayesoma diari ya mtoto kila jioni, ndiye anayenunua vifaa na kutia sahihi, na mwalimu ana namba yake kwanza. Mkubaliane mapema kiwango cha chini (kazi ifike siku yake, isomeke) na zaidi ya hapo kila mtu na mtindo wake. Kisha mama asiiguse kwa wiki 3.

Wiki ya pili ndiyo inayovunja mipango hii. Kitu kitasahauliwa, mtoto atakwenda bila chupa, mwalimu atapiga simu, na atampigia mama. Mama akiokoa mambo, jukumu limerudi nyumbani kwake bila mtu kusema neno. Akijibu kwa upole, "Mwalimu, mpigie baba yake, namba unayo," jukumu limekaa. Kosa la pili ni kurudia kazi iliyofanywa: kumvua mtoto nguo alizovalishwa na baba kwa sababu rangi hazipatani. Anayesahihishwa kila mara huacha kujaribu, na si wanaume tu walio hivyo.

Kwa anayelea peke yake, mgawanyo huu hauna wa kumgawia. Hapo kazi ya kukumbuka hupunguzwa kwa kuifanya isihitaji kukumbukwa: mama fua awe na siku yake maalumu, na siku hiyo ifuate zamu ya maji ya mtaa, si kinyume chake, kilo moja ya maharagwe ilowekwe Ijumaa usiku, ichemshwe Jumamosi, igawanywe kwenye mikebe ya mlo mmoja mmoja na kuingia friza, chakula cha Jumatatu hadi Alhamisi kirudiwe kila wiki bila aibu. Watoto wanapenda kurudia kuliko tunavyodhani.

Jambo moja la kisheria ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaihesabu kazi ya nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali ya ndoa, hata kama haikuleta shilingi. Ikifika mahakamani mchango hutakiwa kuthibitishwa, lakini kuwa limeandikwa kumebadilisha namna ya kulizungumza.

Miezi 3 dhidi ya miezi 6

Hakuna mahali pengo kati ya kazi na mwili linapoonekana waziwazi kama hapa. Sheria ya Ajira inatoa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na wiki 2 kwa baba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6. Kati yake kuna miezi 3 ambayo mama yuko kazini.

Pengo hilo hupunguzwa kwanza kwa karatasi. Likizo ya uzazi haifuti likizo ya mwaka, kwa hiyo siku 21 za kazi zinaweza kuombwa zifuate ile miezi 3, na mama akarudi mtoto akiwa na miezi 4. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi angalau siku 7 kabla ya kuondoka. Kwa kweli, afadhali wiki 6. Anayerudi ana haki ya kazi aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya awali. Kushushwa cheo kwa jina la "kukupunguzia mzigo" hakumo katika sheria hiyo.

Kisha maziwa. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na 6 hunywa takriban mililita 750 kwa siku nzima. Mama akiwa nje saa 11, yaani 8 za kazi na 3 za njiani, mtoto atahitaji kati ya mililita 300 na 400. Kukamua kuanze wiki 2 kabla ya kurudi, ili akiba ya siku mbili iwepo. Kazini kukamuliwe mara 3. Sheria ya Afya ya 2017 inampa anayenyonyesha mapumziko yasiyozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, na inamtaka mwajiri awe na chumba cha kukamulia chenye maji ya kunawa, kitu cha kupoza maziwa, umeme, meza na kiti, nacho kisiwe chooni. Saa moja ikigawanywa ni dakika 20 mara tatu, inatosha.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 ndani ya friji, saa 24 ndani ya mkoba wa kupozea wenye vipande vya barafu. Yaliyogandishwa yakiyeyukia ndani ya friji hutumika ndani ya saa 24 na hayagandishwi tena. Yapashwe kwa kuzamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu zinazounguza. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe baada ya saa 2, hata yakiuma roho. Wengi hukosea kwa kuruka kukamua kwa saa 6 au 7 kwa sababu ya mkutano. Titi lililojaa hutoa ishara ya kupunguza utengenezaji, na baada ya siku chache kama hizo mama husema "maziwa yamekwisha". Hayakukauka yenyewe, ratiba ndiyo iliyoyakausha.

Yaya naye ana nyumba

Ajira ya mama wengi wa jiji hili inasimama juu ya ajira ya mwanamke mwingine. Kila Januari ofisi za Nairobi hujaa watu waliochelewa kwa sababu dada hakurudi kutoka ushago, na lawama humwangukia dada. Mara nyingi sababu zilikuwapo tangu Juni: mshahara unaocheleweshwa, Jumapili isiyo na ruhusa, kazi zinazoongezeka bila maneno. Sheria inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya mwaka kama ya mwajiri wake. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kiwango cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Kiwango hicho hakilipwi nyumba nyingi, na si zile za wasiojiweza tu.

Yaya mwenye mtoto wake kijijini ana mgongano ule ule wa sura tatu, bila hata chumba cha kufungia mlango. Anayetaka adumu aandike makubaliano: tarehe ya mshahara, siku ya kutoka, kazi zilizomo na zisizomo, na tarehe ya kurudi Desemba pamoja na nauli ya kurudia. Na awepo mtu wa akiba aliyekwisha kuzoeana na mtoto kabla hajahitajika, maana dharura si siku ya kutambulishana.

Kabla ya kupima, tenga ugonjwa

Uchovu wa kazi uliopindukia, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya kuainisha magonjwa, ICD-11, una alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuwa mbali na kazi, na kuona huna tija. Shirika linaueleza kuwa jambo la kazini, halikuuweka kati ya magonjwa. Sonona ni ugonjwa, na haibaki ofisini. Hapa kwetu mtu hasemi "nina sonona"; husema anafikiri sana, halali, kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu.

Kliniki nyingi hupima sonona kwa dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu aonwe na mhudumu wa afya. Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali kufa, likijibiwa chochote zaidi ya 0, msaada utafutwe siku hiyo hiyo bila kujali jumla. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya ushauri nasaha ya bila malipo, 1199. Na kama "msongo wa nyumbani" una maana ya kipigo au vitisho, hakuna ratiba itakayoutibu. Namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia ni 1195.

Daftari la siku 14

Mama akiwa si mgonjwa, apime msongo wake na kuridhika kwake. Daftari la kawaida linatosha, dakika 5 kila usiku, siku 14 mfululizo zenye wikendi mbili. Aandike namba mbili, msongo na kuridhika, kila moja 0 hadi 10, bila kuangalia za jana. Chini yake aandike kilichoipandisha kila namba siku hiyo. Halafu aorodheshe mambo matano ya nyumbani yaliyofanyika, na kwa kila moja majina mawili: nani alikumbuka, nani alitenda. Wanaojaza siku saba mara moja Jumapili hupata daftari la hisia za Jumapili.

Siku ya 15 asome namba hizo kwa jozi. Zote mbili zikiwa juu, kazi inampenda na mwili unamchukia: aanze na usingizi, barabara na saa za kufunga kazi, asiguse yaliyo katika orodha ya kuridhika, hata kama ni chama cha Jumamosi kinachoonekana cha kupunguzwa. Msongo ukiwa juu na kuridhika chini, aangalie uamuzi: saa zake zinashikwa na nani? Zote zikiwa chini, hakuna cha kupunguza. Kuna cha kuongeza, na huenda ni kozi, cheo au biashara, si mapumziko. Jina lake likijaa kwenye safu ya "alikumbuka" huku ya "alitenda" ikiwa na majina mchanganyiko, tatizo la nyumba hiyo si uvivu wa mtu, ni jukumu lililogawanywa vipande. Na ile safu ya majina ionyeshwe mwenzake ikiwa karatasi, kabla ya maneno. Karatasi haina sauti ya kulalamika.

Abadilishe jambo moja tu, asubiri wiki 6, afungue daftari tena. Tarehe ya kulifungua iangukie wiki ya tatu ya muhula. Wiki ya kwanza, ya sare, karo na vitabu, kila nyumba ya jiji hili inasoma 9.